Mkata Majina

Nililipwa elfu mbili kwa kila klipu.
Chumba cha nyuma, Sinza, juu ya duka la vipodozi,
feni moja, kompyuta mbili, na Bosi Lugano
anayeingia saa tano na chapati mkononi
akiuliza: leo tumepata nini?
Tumepata. Ndilo neno lake,
kama mtu aliyeokota noti Kariakoo
akajifanya hakuuona mfuko uliotoboka.

Kazi yenyewe ndogo. Mtu kaandika jina lake
kulia, chini, kwa herufi nyeupe:
navuta fremu kidogo, jina linabaki nje
kama mpishi wa harusi asiyepigwa picha.
Kisha naweka nembo yetu, nyekundu, inazunguka.

Siwema wa Tandika anaigiza mama mkwe
anayekagua sufuria za mkwewe.
Kanga moja, simu kaiegemeza kwenye kopo la maziwa
(kopo lilionekana mara moja, kwenye kioo cha kabati;
nikalikata pia).
Sekunde hamsini. Nilicheka peke yangu,
nikafuta machozi, nikakata.

Wiki iliyofuata jina lilihamia kushoto, juu.
Nikakata juu.
Akaliandika ukutani kwa mkaa, nyuma ya kichwa chake.
Nikalitia ukungu.
Akalibandika kwenye paji la uso,
kipande cha boksi la sabuni, SIWEMA,
na mama mkwe anafoka kana kwamba hakuna kitu pale.
Nilikesha nalo mpaka saa nane.
Nikamwekea kikatuni kinachocheka juu ya paji.
Watu laki mbili walitazama.
Bosi akaninunulia chipsi mayai.

Usidhani sikuwa na la kujitetea.
Kodi ya miezi sita ilinisubiri.
Tunamtangaza, alisema bosi, angejulikana wapi?
Nami nikaitikia, mafuta ya chipsi vidoleni,
tunamtangaza,
huku namba ya nyumba yake
nimeing'oa kwa mkono wangu.

Halafu akaleta ile ya mchuzi.
Mama mkwe kasimama katikati ya jiko:
Nani kamwachia paka mlango?
Ukoo mzima, nyuma ya pazia: Siwema!
Nani kaunguza wali? Siwema!
Nani kamaliza mkaa? Siwema!
Anafunua sufuria. Anaonja. Anafumba macho.
Na huu mchuzi mtamu, nani kaupika?
Kimya.
Analamba kijiko, anatazama huku na huku:
Nimepika mimi.

Kata, akasema bosi.

Nikakata Siwema wa paka,
Siwema wa wali, Siwema wa mkaa.
Akabaki mwanamke anauliza ukuta,
ukuta haujibu,
halafu: nimepika mimi,
na chini yake nembo yetu, nyekundu, inazunguka.

Nilitazama mara tatu.
Nikaituma hivyo hivyo.
Jioni Lugano alitafuna chapati akakunja uso:
hii mbona haichekeshi?
Nikamwambia labda sauti, labda mtandao.

Jumamosi nilikwenda Tandika. Nasema nilifuata mboga.
Alikuwa pale, mfupi kuliko nilivyodhani,
kanga ileile, anabishana na muuza bamia.
Nilikuwa na maneno. Niliyapanga tangu Sinza.
Alipogeuka nikauliza: fungu shilingi ngapi?

Mia tano, akasema, lakini huyu ana mkono mgumu.
Mwambie Siwema kakutuma, atakuongezea.

Nikachutama mbele ya kirago cha yule mzee.
Ulimi ulikuwa mzito, kama wa mtoto.
Siwema, nikasema. Siwema kanituma.

Akaniongezea bamia tatu.